Christy Moore na Santuri ya Chini ya Nyumba

Santuri ya kwanza ya Christy Moore ilitolewa mwaka 1969, ikachapishwa nakala 500 basi. Iliitwa Paddy on the Road. Aliyeisimamia alikuwa Dominic Behan, mtunzi mwenye jina kubwa, na waliopiga vyombo walikuwa mafundi wa kulipwa wa Uingereza, akiwemo mpiga gitaa Steve Benbow. Hakuna aliyeharibu kazi. Gitaa liko sawa, sauti inasikika vizuri, nyimbo zenyewe ni za Ayalandi. Lakini ukiisikiliza leo unamsikia kijana anayeimba mbele ya watu wasiomjua, nao wanampigia kwa adabu ya watu wanaosubiri kulipwa.

Moore mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alitoka pale na kiu moja: arekodi na Waayalandi wenzake. Majira ya joto ya mwaka 1971 akarudi nyumbani, akawaita jamaa zake, wakajifungia katika chumba cha chini ya nyumba kijijini Prosperous, kaunti ya Kildare. Walichokitoa humo kilibeba jina la kijiji hicho. Prosperous ilipoingia sokoni mwaka 1972 iliandikwa kuwa ni albamu ya Christy Moore, lakini anayeisikiliza kwa makini anajua kwamba pale bendi ilikuwa imeshazaliwa, na bado haijapewa jina.

Tuanze na Kildare. Ni nchi tambarare kusini magharibi mwa Dublin, nchi ya farasi wa mashindano na ya ardhi oevu ambayo udongo wake mweusi hukatwa, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Mji wa Newbridge uko kando ya mto Liffey, ndio huohuo unaokwenda kuukata mji wa Dublin katikati. Moore alizaliwa hapo mwaka 1945. Dónal Lunny alizaliwa Tullamore mwaka 1947, familia yake ikahamia Newbridge angali mdogo. Wakasoma pamoja, na katika urafiki wao mambo yalikwenda kinyume na umri: mdogo ndiye aliyemfundisha mkubwa. Gitaa Moore alilipata kwa Lunny. Bodhrán pia, ile ngoma ya ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye duara la mbao na kupigwa kwa kijiti kifupi, aliipata kwa Lunny. Wakaunda kikundi, wakakiita Rakes of Kildare, wakawa wanaimba baani.

Kisha kila mmoja akashika njia yake. Lunny alikwenda Dublin katika chuo cha sanaa, akajifunza pia usonara, na mwaka 1968 alikuwa katika kikundi cha Emmet Spiceland wakati wimbo wao Mary from Dungloe ulipokamata nafasi ya kwanza Ayalandi. Moore akawa karani wa benki. Huenda angestaafu akiwa meneja wa tawi huko mikoani kama isingekuwa mgomo wa wafanyakazi wa benki wa mwaka 1966, uliofunga milango kwa wiki 12. Karani asiye na mshahara alivuka bahari kwenda Uingereza kutafuta riziki. Mgomo ulikwisha, yeye hakurudi. Alifanya vibarua kwenye majengo, usiku akiimba katika vilabu vya muziki wa jadi vilivyokuwa vimejaa Uingereza nzima miaka ile, chumba cha juu cha baa, kiingilio kidogo, msikilizaji amekaa kimya na bia yake. Shule ile ilimfaa. Mwimbaji wa vilabu hana jukwaa wala taa za kumficha. Asipoushika wimbo, watu wanaenda kununua bia nyingine.

Kijiji cha Prosperous chenyewe kilianzishwa miaka ya 1780 na Robert Brooke, ofisa wa jeshi aliyetaka kukifanya kitovu cha viwanda vya pamba. Mradi wake ulianguka, na Mei 1798 kijiji kikawa uwanja wa mapigano katika maasi dhidi ya utawala wa Waingereza. Kufikia 1971 kilikuwa kijiji cha kawaida chenye baa ya Dowling, ambako watu walikusanyika kupiga muziki. Dada yake Moore alikuwa ameolewa katika familia yenye nyumba kubwa ya zamani jirani na hapo, iitwayo Downings House. Baa ikifungwa, muziki ulihamia kwa shemeji. Kwa hiyo Moore hakutafuta studio. Alichagua mahali ambapo hawa jamaa walikuwa wameshazoea kupiga hadi usiku wa manane.

Aliyekuja na mashine alikuwa Bill Leader, Mwingereza ambaye kazi yake ilikuwa kuufuata muziki mahali ulipo. Yeye ndiye aliyerekodi albamu ya kwanza ya Bert Jansch nyumbani kwake Camden, London, na ile ikawa moja ya santuri za gitaa zinazoheshimiwa sana Uingereza. Alibeba mashine yake ya utepe na maikrofoni zake hadi Kildare, akazitega chini ya nyumba. Kurekodi kwa namna hiyo kuna ukatili wake. Wapigaji wote wako chumba kimoja, na mmoja akikosea amekosea kwa niaba ya wote. Lakini kuna faida ambayo studio kubwa haiuzi: kila mmoja anaona mkono wa mwenzake, anajua pumzi itakatwa wapi, na mdundo unapotaka kukimbia kuna jicho la kuurudisha. Siku hizi kwetu mwimbaji anatumiwa biti kwa simu, anaingiza sauti chumbani peke yake, anairudisha, na huenda hatakutana kamwe na aliyempigia kinanda. Nyimbo nzuri zinatoka hivyo pia, sikatai. Ila zinatoka nzuri kwa namna nyingine.

Nani walikuwa humo? Moore kwa sauti na gitaa. Lunny kwa gitaa na buzuki. Andy Irvine kwa mandolini na kinanda cha mdomo. Liam O'Flynn kwa zumari la mfuko na filimbi ya bati. Kevin Conneff wa Dublin alishika bodhrán. Huyu baadaye, mwaka 1976, alijiunga na The Chieftains. Clive Collins alipiga fidla na Dave Bland konsetina.

O'Flynn ndiye ninayetaka kukaa naye kidogo. Alitoka kijiji cha Kill, Kildare hiyohiyo, mtoto wa mwalimu aliyepiga fidla, na alifunzwa zumari na Leo Rowsome, bingwa wa chombo hicho Dublin. Msomaji asifikirie zumari la Waskoti, lile la gwaride, linalopulizwa kwa mdomo na kusikika ng'ambo ya bonde. Zumari la mfuko la Ayalandi hupigwa mtu akiwa amekaa. Upepo unatoka kwenye mvukuto mdogo uliofungwa chini ya kiwiko, unaingia kwenye mfuko ulio chini ya kwapa la pili, na mdomo wa mpigaji unabaki huru kabisa. Vidole vinacheza kwenye bomba la wimbo lenye upana wa oktavu mbili. Mabomba mengine yanashikilia sauti moja isiyokatika, na mengine yana funguo zinazobonyezwa kwa kifundo cha mkono ili kutoa sauti za kuandamana. Ni kazi ya viungo vingi kwa wakati mmoja. Miaka ya 1960 waliokijua chombo hicho walikuwa wachache mno, kiasi kwamba mwaka 1968 wapigaji waliunda chama chao, Na Píobairí Uilleann, kukinusuru. Mwaka 2017 UNESCO iliingiza upigaji wake katika orodha ya urithi wa binadamu.

Sasa, kabla ya Prosperous, mambo mawili yalikuwa yakiishi mbalimbali Ayalandi. Kulikuwa na waimbaji wa nyimbo za hadithi, watu wa gitaa na banjo, sweta la sufu na kiitikio cha pamoja, kama Clancy Brothers na The Dubliners. Na kulikuwa na mafundi wa ala, watu wa zumari, fidla na filimbi, waliopiga muziki wa kuchezwa na wa kusikilizwa, wengi wao wakiwatazama wale wa gitaa kwa jicho la pembeni. Seán Ó Riada alikuwa amekwishaupandisha hadhi muziki wa ala kwa kundi lake la Ceoltóirí Chualann, wapigaji wakivaa suti katika kumbi rasmi. Lakini mwimbaji wa baani na mpiga zumari aliyefunzwa kwa Rowsome kukaa kiti kwa kiti katika wimbo mmoja, kila mmoja akiuheshimu upande wa mwenzake, hilo lilikuwa jambo jipya. Na liliwezekana kwa sababu hawa walikuwa wanafahamiana. O'Flynn hakuwa mtu wa kupayuka wala wa kufuata mikumbo. Watu wote walimsifu kwa utulivu wake. Sidhani angekubali kuja kama angeitwa na kampuni asiyoijua.

Wimbo wa kwanza wa albamu unaonyesha yote hayo ndani ya dakika chache. The Raggle Taggle Gypsy ni hadithi ya mke wa bwana mkubwa anayeacha nyumba, kitanda cha manyoya na mume, anafuatana na watu wa kuhamahama. Moore aliupata kwa John Reilly, mwanamume wa jamii ya Waayalandi wa kuhamahama aliyeishi Boyle, kaunti ya Roscommon. Reilly alikuwa na hazina ya nyimbo za kale kichwani ambazo wasomi walidhani zimekwisha kupotea, na mkusanyaji Tom Munnelly alimrekodi. Alifariki mwaka 1969 katika umaskini. Santuri yenye sauti yake mwenyewe, The Bonny Green Tree, ilitolewa mwaka 1978, miaka 9 baada ya kuzikwa, wakati wimbo wake ulikuwa umeshaingia katika nyumba nyingi za Ayalandi kupitia kinywa cha Moore. Mtu anayeusifu wimbo huo bila kumtaja Reilly anakula bila kumshukuru aliyelima.

Hadithi inapokwisha, Moore ananyamaza na vyombo vinaingia katika Tabhair dom do Lámh, wimbo wa kinubi wa Ruairí Dall Ó Catháin, mpiga kinubi kipofu aliyeishi kwenye mpito wa karne ya 16 kwenda ya 17. Inasimuliwa kwamba alikuwa Uskoti, bibi mmoja wa ukoo mkubwa akamwamuru apige kama anavyoamuriwa mtumishi, naye akasusa akaondoka. Bibi alipojua kuwa huyu naye ni mtu wa ukoo, aliomba radhi, na Ó Catháin akautunga wimbo huo kuwa alama ya kupatana. Wazo la kuunganisha mambo hayo mawili, wimbo wa mtu fukara wa barabarani na wimbo wa kumbi za mabwana, bila kusimama katikati, lilikuwa la kijasiri. Zumari la O'Flynn linapouchukua wimbo, msikilizaji hajisikii kwamba amehamishwa chumba.

Upande wa nyuzi kuna siri nyingine. Chombo kinachosikika leo kuwa cha Kiayalandi kabisa, buzuki, kilikuwa kigeni mno wakati huo. Kilitoka Ugiriki. Johnny Moynihan ndiye aliyekiingiza katika muziki wa Ayalandi katikati ya miaka ya 1960, naye alikuwa mwenzake Irvine katika kundi la Sweeney's Men. Lunny alikipata kwa mkono wa Irvine. Lunny ni mtu wa mkono wa kushoto, hivyo akazigeuza nyuzi, na zile nyuzi pacha za chini, ambazo Wagiriki huzitofautisha kwa oktavu, yeye akazilinganisha. Baadaye alimwagiza fundi Mwingereza, Peter Abnett, amtengenezee buzuki yenye umbo jingine. Sauti ikapoteza ukali wa Ugiriki, ikapata uzito na mng'ao wa kubeba waimbaji. Mandolini ya Irvine inapanda juu, buzuki inapita chini, wakati mwingine zinakutana, wakati mwingine zinapishana, na hakuna anayepiga tu makodi ya kujazia. Hawa wawili walikuwa wameendesha kilabu pamoja Dublin, chini ya baa ya Slattery's mtaa wa Capel, na mazungumzo yao ya nyuzi yana mazoea ya watu waliokaa pamoja kwa muda mrefu.

Irvine naye alikuwa mgeni wa aina yake. Alizaliwa London mwaka 1942, mama Mwayalandi na baba Mskoti, utotoni akaigiza filamu, kisha akatekwa na nyimbo za Woody Guthrie wa Marekani kiasi cha kumwandikia barua Guthrie alipokuwa amelazwa hospitalini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alizurura Balkani na kurudi na mapigo ya Bulgaria kichwani. Kwa hiyo si ajabu albamu hii iliyosifiwa kwa Uayalandi wake ina The Ludlow Massacre ya Guthrie, kuhusu wachimba makaa na familia zao waliouawa kambini huko Colorado mwezi Aprili 1914. Ina pia Tribute to Woody, ambao ni wimbo wa Bob Dylan aliomtungia Guthrie kwa kutumia sauti ya wimbo wa Guthrie mwenyewe. Na ina wimbo wa Patrick Galvin kuhusu James Connolly, kiongozi wa wafanyakazi aliyepigwa risasi na Waingereza Mei 1916 akiwa amekalishwa kwenye kiti kwa sababu majeraha yalimzuia kusimama. Wachimba migodi wa Colorado na mwanaharakati wa Dublin wanakaa katika santuri moja bila kugombana. Moore ameimba siasa maisha yake yote, na mzizi wake unaonekana hapa.

Si nyimbo zote zina kimo kimoja. Kuna ambazo hupita bila kuacha alama, na sauti ya Moore wakati ule ilikuwa bado ina haraka ambayo miaka iliiondoa. The Hackler from Grouse Hall, lakini, ni raha tupu: kisa cha polisi mwenye bidii kupita kiasi na watengenezaji wa poitín, pombe kali ya kienyeji iliyokuwa imepigwa marufuku wakati huo kama gongo letu. Lock Hospital unamwomboleza kijana anayekufa kwa ugonjwa wa zinaa, na ni ndugu wa nyimbo za makauboi wa Marekani zilizochipuka kutoka shina hilohilo. Spancil Hill umetokana na maneno ya Michael Considine, mtu wa kaunti ya Clare aliyehamia Marekani na kufariki kijana huko California katika karne ya 19. Ni ndoto ya kurudi kijijini siku ya mnada wa farasi. Kwa msikilizaji yeyote aliyeko Muscat, London au Minneapolis huku kwao kukiwa Tanga au Lamu, huo hauhitaji tafsiri ndefu.

Yaliyofuata yanajulikana na nitayapitia haraka. Mwanzoni mwa 1972 Moore, Lunny, Irvine na O'Flynn waliona kwamba wameshakuwa kundi, wakajiita Planxty. Walimfungulia mwimbaji Donovan onyesho huko Galway, na umati uliokuja kumsikia nyota huyo ukapagawa na watangulizi. Wakarekodi London chini ya usimamizi wa Phil Coulter, na albamu yao yenye jalada jeusi ikatoka mwaka 1973, ikianza na Raggle Taggle Gypsy uleule na wimbo uleule wa kinubi. Lunny alitoka mwaka huohuo, akaenda kujenga The Bothy Band. Moore alitoka 1974. Kundi likavunjika 1975, likarudi, likavunjika, na mwaka 2004 wanne wale walipanda tena jukwaani pamoja. Moore na Lunny hawakuachana kabisa: mwaka 1981 walianzisha Moving Hearts, na Lunny akasimamia albamu za Moore zilizouza sana, ikiwemo Ride On ya 1984.

Moving Hearts ndiko uzi huu unakogusa kwetu, na unagusa kweli. Mpiga zumari wao alikuwa Davy Spillane. Mwaka 1996 Spillane alishiriki katika albamu ya kwanza ya Afro Celt Sound System, Sound Magic, na katika albamu hiyohiyo alikuwemo Ayub Ogada, mwana wa Kenya, na nyatiti yake. Ogada alikuwa ameshatoa En Mana Kuoyo mwaka 1993, alifariki 2019. Zumari la Ayalandi na nyatiti ya Waluo vilikutana studioni Uingereza na havikupigana.

Naye O'Flynn, mpiga zumari wa Prosperous, alifariki Machi 2018. Séamus Ennis, mkubwa wake katika fani, alikuwa amemwachia zumari lake mwenyewe kwa wosia mwaka 1982, na O'Flynn ndiye aliyepiga kwenye mazishi ya mshairi Seamus Heaney mwaka 2013.

Wahakiki wengi wanaipa taji ile albamu nyeusi ya 1973. Imerekodiwa vizuri zaidi, imepangwa vizuri zaidi, na sauti zimekomaa. Mimi taji nalipeleka Kildare, 1972. Ile ya London ni bendi inayojijua na inayojua kwamba inasikilizwa. Hii ya Prosperous ni watu waliokuja kumsaidia rafiki kumaliza kazi yake, na katikati ya kumsaidia wakagundua kitu ambacho hakuna aliyekitafuta. Msomaji ambaye hajawahi kuisikia, aitafute. Nyimbo ziko 12. Aanze na wa kwanza, asiuruke, na hadithi ikiisha asiuzime: zumari bado halijasema.